Kunyolewa Bila Baba Mdogo

Hasira yangu kwa baba mdogo imewazidi umri watoto wangu, wala sijafanya jitihada yoyote ya kuipunguza.

Baba alipofariki pale Lalago, mdogo wake huyo wa pekee alifika mazikoni, akatupia udongo kaburini, akaondoka siku hiyohiyo. Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi wa pamba walipoanza kuingia vijijini. Alikuwa amewauzia pamba yake mapema, akanunua televisheni, deki na jenereta, akafungua kibanda cha video Bariadi. Kwetu matanga hayaishi mpaka wafiwa wanyolewe, na wembe huanza na ndugu wa kiume wa marehemu. Bila yeye mama alibaki chini kwenye mkeka, haruhusiwi kwenda shambani, na pamba ilikwisha kupasuka. Tulimngoja wiki nzima. Mwishowe shangazi akanituma.

"Kamlete huyo bwana sinema. Mwambie tumechoka kunoa wembe."

Nilimkuta kibandani mchana, madirisha yamezibwa kwa magunia, watu wamebanana kwenye mabenchi. Alisimama kando ya televisheni akiwatafsiria tamthilia ya safari za anga. Nahodha alikuwa amefiwa na kaka yake. Mwili ulibaki katika chombo kilichoharibika, na wenzake walimhimiza waondoke.

"Anasema," baba mdogo alitangaza, "kaka, nisamehe. Wewe ndiye uliyenisomesha. Nimeshindwa kukaa nyumbani kwako, maana kila kiti ni chako."

"Usimwache, we!" mwanamke mmoja akapaza sauti.

Nahodha hakusema hayo. Nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, Kiingereza nilikielewa: aliagiza mlango ufunguliwe, basi. Baba mdogo alikuwa akilia, machozi yanamfika kidevuni.

Ningeweza kumhurumia. Nilichemka. Maneno yale yalikuwa haki ya mama, naye aliyagawa kwa watu waliolipa kiingilio.

"Baba mdogo, twende ukanyolewe."

Akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Ngoja kanda iishe, mwanangu."

"Mama yuko chini wiki nzima, unaniambia ningoje kanda?"

"Kijana, kaa au toka, unatuziba!" mtu akafoka nyuma yangu.

Nilitoka. Nikarudi Lalago juu ya lori la pamba, nikawaambia haji. Shangazi akaanza na kichwa changu badala ya chake. Wembe ulipomfikia mama, aliniuliza kwa sauti ndogo:

"Hata kulia, hakulia?"

"Hakulia, Mayu."

Tangu siku hiyo mama hakumpa shemeji yake salamu, na uongo ule sikuurekebisha hata mama alipougua. Tulipomzika, baba mdogo alifika kabla ya jirani yeyote. Alikaa siku zote za matanga, akala tulichokula, na asubuhi ya kunyoa akakaa mbele ya shangazi, akainamisha kichwa bila kuitwa. Nilimkasirikia hata kwa hilo.