Volvo ya Mama Orpha na Masikio ya Godefroid

Kwa miaka ishirini na mitatu Godefroid Musonda alitengeneza malori ya kampuni mtaa wa Panda, pale Likasi, mji wa migodi. Garage yao ilikuwa imeegemea ukuta wa kiwanda cha kuponda mawe ya shaba, na mashine zile hazikunyamaza mchana wala usiku. Wafanyakazi walizungumza kwa mikono. Mwaka wa 1993 mishahara ilipokatika kabisa na lango likafungwa, Godefroid alirudi nyumbani, mtaa wa Kikula, na sanduku la vyombo vyake, akaanza kutengeneza motokari za watu uani kwake.

Kimya kilipokuja ndipo alipojua kuwa masikio yake yameharibika.

Hakuwa kiziwi. Mvua ikipiga mabati aliisikia, na kengele ya kanisa aliisikia. Lakini sauti ndogo na kali zilikuwa zimemwacha moja moja: kwanza mbu, kisha kijiko ndani ya kikombe, kisha mwisho wa maneno ya watu. Alijifunza kutazama midomo. Watu wakicheka, alicheka nao. Mkewe Clémentine peke yake ndiye aliyejua, na alikuwa amemwahidi kunyamaza.

Sababu ya siri hiyo ilikuwa nyepesi. Nani atampelekea fundi asiyesikia moteri ya gari inapolia? Tayari mwaka wa 1994 alikuwa ameaibika. Alimrudishia mwalimu mmoja Toyota yake, akamwambia imepona. Jioni ile ile mwalimu akarudi, motokari inapiga kelele mbele ya majirani wote, na Godefroid amesimama kando yake akitabasamu. "Papa Godefroid," mwalimu akauliza, "weye hausikie?" Aliuliza kwa hasira tu, kama mtu yeyote angeuliza, lakini Godefroid hakulala vizuri wiki nzima. Tangu siku ile alikubali breki, springi na usukani. Moteri alizikataa.

Jumanne moja ya mwezi wa pili, mwaka wa 1995, Mama Orpha aliingia uani na Volvo Amazon ya zamani, rangi ya maziwa, iliyokuwa ya marehemu mumewe Elie. Orpha alikuwa mjane wa miaka arobaini na kitu, mwimbaji wa kanisa la kipentekoste la jirani. Mara tatu kwa wiki alikwenda ziwani Tshangalele kuchukua samaki wakavu, na wanawake wanne walimngojea sokoni wauze. Motokari ile ndiyo ililisha nyumba tano.

Alizima moteri, akashuka, akakaa juu ya tairi kuukuu bila kukaribishwa.

"Papa Godefroid, motokari yangu inalia. Bafundi bawili baliniambia asema ni bielle. Moteri imekufa. Floribert atakuya Ijumaa kuikata, auzishe vyuma."

Floribert alikuwa mnunuzi wa magari mabovu. Kila mtu Kikula alimjua.

"Pole, mama," Godefroid akajibu. "Lakini minye sasa natengeneza breki tu. Moteri, hapana."

"Bwana yangu alikuwa anasema, moteri ikisumbua, enda kwa Godefroid."

"Ile ilikuwa zamani."

Clémentine alikuwa akianika nguo. Aliacha beseni, akaja, akasimama mbele ya mumewe ili amwone midomo. "Baba Laure, uiangalie tu. Minye nitasimama hapa karibu."

Laure alikuwa binti yao, aliyeolewa Lubumbashi. Clémentine alipomwita mumewe jina hilo kwa sauti ya taratibu namna ile, haikuwa rahisi kukataa. Godefroid alifungua kifuniko cha mbele na kumwomba Orpha awashe.

Moteri ilizunguka. Yeye alisikia mngurumo tu, mzito na wa kawaida. Clémentine aliweka mkono begani mwake, na kwa kidole kimoja akaanza kumgonga kama kelele ilivyogonga: ta-ta-ta-ta, haraka, kama cherehani. Godefroid akatulia. Ugonjwa wa bielle, vile vyuma vinavyosukumwa na pistoni huko chini, haugongi hivyo. Ule hugonga kwa uzito, kama mtu anayebisha mlango kwa ngumi.

Akachukua bisibisi ndefu ya mpini wa mti. Akauma mpini kwa meno, ncha akaigusisha upande wa chini wa moteri. Ndani ya fuvu lake ukaja mtetemo laini, sawasawa. Akasogeza ncha pande zote za chini. Hakuna kitu. Halafu akaiweka juu kabisa, penye kifuniko cha bati, na kelele ikamwingia kichwani waziwazi, kali, hadi meno yakamuuma. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka miwili kusikia sauti ya namna ile.

Alibaki ameinama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kisha akafunga kitambaa mkononi na kuchomoa nyaya za moto za plagi, moja baada ya nyingine, akirudisha kila moja kabla ya kugusa inayofuata. Bielle mbovu ingenyamaza, au ingepunguza sauti, silinda yake ikikosa moto. Kila mara alimtazama mkewe.

"Haibadilike," Clémentine akasema. Mara nne: "Haibadilike."

"Zima, mama," Godefroid akamwambia Orpha. "Si bielle. Ugonjwa iko huku yulu, ku culbuteurs."

Alifungua kile kifuniko cha bati amwonyeshe: vyuma vinane vifupi vimepangwa juu ya mhimili mmoja, kila kimoja kikiinama na kuinuka kama mtoto kwenye bembea ya ubao, kikisukuma soupape, vali ya silinda, ifunguke. Viwili vya nyuma vilikuwa vikavu. Pembeni palikuwa na uchafu mweusi, mzito kama lami, kwani siku zile watu wengi walitumia mafuta ya moteri yaliyokwisha kutumika, yaliyochujwa tu kwa kitambaa.

"Itapona?" Orpha akauliza.

Alitaka kusema ndiyo. "Niachie mpaka Alhamisi," akasema.

Alipobaki na mkewe alipima nafasi kati ya kila chuma na soupape yake kwa kipimo cha mafundi, kijikaratasi chembamba cha chuma. Kilipita kwa kubana kidogo, kama inavyotakiwa. Vyote vinane. Akapima tena. Sawa. Sasa akaelewa kwa nini wale mafundi wawili walisema bielle: nao walipima, wakaona hakuna kosa huku juu.

Akakaa kwenye sanduku. "Pengine nimekosea," akamwambia Clémentine. "Pengine ile sauti iko tu mu kichwa yangu."

"Na minye? Kidole yangu ilikuwa inagonga ya nani?"

Godefroid akachukua kitambaa chenye petroli, akaanza kusafisha culbuteur ya nane kwa sababu mikono yake ilitaka kazi. Alipopitisha ukucha kwenye uso wake, pale inapogusana na soupape, ukucha ukatumbukia. Palikuwa na shimo dogo, lililochimbwa na miaka thelathini ya kugonga, pana kama mkia wa soupape wenyewe. Kipimo chake kilikuwa kimelala juu ya kingo za shimo kama ubao juu ya mfereji, na nafasi ya kweli ilikuwa chini yake, haionekani. Akaigusa ya saba: shimo. Ya tano: shimo. Nyingine tano zilikuwa laini.

Alicheka peke yake. Clémentine alikuja, naye akatia ukucha wake.

Kazi ilichukua siku mbili. Alifungua mhimili wote na kuvipanga vile vyuma juu ya ubao kwa mpangilio wao, na Clémentine akaandika namba kwa chaki. Ndani ya mhimili tundu za mafuta zilikuwa zimeziba. Alizisukuma kwa waya wa breki ya baiskeli na kuosha kwa petroli hadi mwanga ukapita upande wa pili. Halafu akachukua jiwe la kunolea, na hapo ndipo alipokuwa na hofu. Chuma kile ni kigumu kwenye ngozi tu. Ukisugua kidogo mno, shimo linabaki. Ukizidisha, ngozi inakwisha, na kitaliwa kwa mwezi mmoja. Kingine cha kununua hakikuwapo Likasi nzima. Alisugua akifuata mzunguko wa uso wenyewe, mara kumi, akajaribu kwa ukucha, mara kumi tena. Cha nane kilimchukua asubuhi yote ya Jumatano. Ukucha ulipopita juu yake bila kukwama, aliomba maji ya kunywa.

Alhamisi alirudisha kila kitu na kukaza boliti kidogo kidogo, kwa zamu. Akazungusha moteri kwa mkono, akapima upya kila soupape ilipojifunga, na safari hii kipimo kilisema kweli. Mafuta mapya, makopo yaliyofungwa, Orpha aliyapata kwa dereva wa misheni ya Kapolowe kwa kubadilishana na samaki.

Saa tisa mchana Orpha aliketi nyuma ya usukani. Clémentine akasimama nyuma ya mumewe, mkono begani.

"Washa."

Moteri ikashika. Kidole kikaanza: ta-ta-ta-ta. Godefroid akageuka. Uso wa mkewe ulikuwa umekunjamana.

"Bado inalia," akasema.

Orpha alitoa kichwa dirishani, mkono tayari kwenye ufunguo.

"Usizime," Godefroid akasema. "Mafuta iko inapanda. Mhimili ilikuwa kavu. Acha izunguke."

Alitazama mbele, akakaza akili yake kwenye kile kidole. Ta-ta-ta. Ta-ta. Kikachelewa. Kikagonga mara moja, kikangoja, kikagonga tena kwa mashaka. Kisha mkono wote wa Clémentine ukalala begani mwake, wazi, bila kutikisika.

Alichukua bisibisi, akauma mpini. Juu, katikati, nyuma: mtetemo mmoja laini, mpaka mwisho.

Orpha alishuka huku moteri ikizunguka, akasimama akisikiliza. Alikuwa akilia bila sauti. Akasema kitu, lakini aliinama akitafuta leso, na Godefroid hakuona midomo yake. Zamani angetabasamu na kutikisa kichwa. Alhamisi ile alikuwa amechoka, tena mwepesi, kama mtu aliyetua gunia.

"Mama, rudilia. Masikio yangu haisikie muzuri. Ni kiwanda iliharibu."

Clémentine alimkazia macho.

Orpha alijifuta, akainua uso, akasema polepole, "Nilisema asanti. Na habari ya masikio, nilijua tangu Jumanne. Ulikuwa unaangalia mudomo yangu tu. Baba yangu alikuwa bile bile, alifanya kazi ya baruti ku mugodi ya Shinkolobwe."

"Na uliniachia motokari?"

"Bale bengine bawili bako na masikio muzuri sana," Orpha akasema, "na balisema ikatwe."

Clémentine ndiye aliyecheka kwanza. Godefroid alicheka baadaye kidogo, na safari hii alijua anacheka nini.

Kesho yake asubuhi walikwenda wote watatu kuijaribu barabarani, upande wa Kapolowe. Floribert alikuta nyumba ya Orpha imefungwa. Jirani akamwambia motokari imepona, naye akaondoka akitikisa kichwa. Orpha aliendesha. Clémentine alikaa nyuma na vikapu vitupu vya samaki, dirisha wazi, akiwasimulia habari ya harusi ya Laure. Mwanzoni Godefroid aliweka kiganja juu ya dashibodi, akivizia mtetemo mbaya. Kwenye kilima cha kwanza Orpha alikanyaga mafuta, na gari likapanda bila kelele. Kwenye kilima cha pili Godefroid aliondoa kiganja. Walipofika ambapo mahindi ya watu yamekaribia barabara pande zote mbili, Orpha alimgeukia ili amwulize kitu, akakuta amelala, mdomo wazi, mikono mapajani.

"Nimwamushe?" akauliza.

"Hapana," Clémentine akasema kutoka nyuma. "Enda tu polepole."