Vishikio Vitatu, Mstari Mmoja

Usione fundi wa tovuti ana vidole vyembamba. Akigonga kibodi, vikombe vya kabatini hupiga makofi. Akikwama hupangusa kidole gumba gotini, na leo kapangusa mpaka gauni linang'aa. Saa nne wauguzi wanakuja kuona mstari wa kugawia zamu kwenye skrini, wenye vishikio vitatu vya kusogeza kwa kidole. Viwili vikikutana mwisho wa mstari vinalaliana, havitengani ng'o!

"Toka basi, baba," anakibembeleza cha juu, "mpishe mwenzio."

Bibi yake anachungulia, kikombe cha chai mkononi. "Huyo unayemvuta ana pa kwenda?"

"Mbele ukuta, bibi. Nyuma mwenzake kamziba."

"Sasa unamwonea bure. Si umvute wa chini?"

Fundi anageukia kibodi. Inalia, akiuandikia mstari amri mpya: kidole kikigusa, mstari usubiri kinaelekea wapi, ndipo umtoe mwenye nafasi. Anavuta. Kishikio kinachomoka mbio! Kiti chali, chai chini, fundi anarukaruka, na gumba lake halitafuti tena goti.

"Hodi!" Wauguzi hao mlangoni.

"Karibuni!" bibi anawahi kuitikia. "Tumemaliza!"