Nilivyomsingizia mwenzangu wa ofisini kisa PDF zilizogoma kufunguka kwenye kompyuta mbili

Wakuu, habari za humu? Leo nimeleta aibu yangu mwenyewe. Ni ukweli mtupu, maana ningekuwa natunga ningejipa sehemu nzuri zaidi.

Niko Bujumbura. Kiswahili changu ni cha mtaa wa Buyenzi, kwa hiyo nyie wa sarufi nipiteni kimya kimya.

Mi ni mtumishi wa serikali, ofisi yetu iko Rohero, na ukubwani huku nimerudi shule kusoma masters. Mémoire yangu, yaani tasnifu, inahusu mafundi magari wa Buyenzi, wale wazee waliofungua injini kabla sisi hatujazaliwa.

Sasa kuna programu ya kupanga marejeo. Unaipa orodha ya vitabu, makala na mahojiano yako. Ukibofya jina, faili inafunguka, na ukiwa unaandika inakuwekea footnotes yenyewe. Mi nilikuwa na marejeo mia mbili na ushee, pamoja na sauti za wazee niliowarekodi mwenyewe. Wawili kati yao wameshatangulia mbele ya haki.

Mega za internet huku ni ghali, wakuu. Kwa hiyo nikafanya kama tunavyofanya wengi: orodha, ambayo ni nyepesi, inasafiri kwa internet, faili zenyewe zinasafiri kwenye mkoba wangu ndani ya disque ya nje, yaani hard disk ya kuchomeka. Asubuhi naichomeka ofisini, jioni naichomeka kwenye laptop nyumbani Kanyosha.

Nilijiona mjanja kweli.

Siku moja profesa anayenisimamia akaniita. Amechoka na wanafunzi wanaotungiwa marejeo na mashine, vitabu visivyokuwepo duniani. Akaniambia, "Madame, Ijumaa ya wiki ijayo saa nne uje na laptop. Nitaonyesha footnote yoyote, uifungue mbele yangu. Zikishindwa tatu, soutenance ya kutetea mémoire utaingoja mwaka ujao."

Mwaka mzima! Nikasema sawa profesa, hakuna shida. Moyoni najua sijatunga hata moja.

Jioni nyumbani, ambako nilizoea kuandika tu bila kufungua faili, nabofya makala ya kwanza: faili haipatikani. Ya pili, haipatikani. Jamani! Lakini nikifungua disque, faili hizo hapo, zimetulia zinaniangalia.

Programu ikanipa kitufe cha kuitafuta faili. Nikaonyesha moja moja, karibu mia hivi, mpaka mgongo ukauma. Nikalala na amani.

Kesho yake ofisini, zile zile nilizorekebisha nyumbani zimevunjika tena. Nikazirekebisha. Jioni nyumbani, zimevunjika. Wakuu, chakula nikakiacha mezani. Mume wangu akauliza nani amefariki.

Hapo ndipo shetani akanipa jibu.

Ofisini kompyuta ni moja, tunagawana watu wawili. Mi asubuhi, Deo mchana. Deo ni mtu mpole, mzaliwa wa Gitega, tumekaa naye miaka sita. Nikajiambia: nani mwingine anagusa ile mashine?

Jumatatu, mbele ya chef, bosi wetu, na sekretari na planton, yaani tarishi, nikamwambia, "Deo, we ndo unaharibu kazi yangu."

Akasema, "Apana, Mama Zuhura. Mi sijagusa kitu yako hata moja."

"Basi ni majini?"

Akachukua koti lake akatoka. Na mi nikaona kule kutoka ndio ushahidi wenyewe.

Wiki ikaenda hivyo, narekebisha huku, zinavunjika kule. Alhamisi nikaomba ruhusa ya nusu siku nikarudi Kanyosha mapema. Nilikuwa nimeshakata tamaa, machozi karibu. Nikabofya faili, ikagoma, na kwa mara ya kwanza nikausoma ule ujumbe mpaka mwisho badala ya kuufunga kwa hasira.

Ulisema programu inaitafuta faili kwenye E.

Nikatazama disque yangu kwenye laptop. Inaitwa F.

Ofisini ile ile disque inaitwa E, kwa sababu kila kompyuta inaipa herufi inayotaka yenyewe. Nikirekebisha nyumbani, orodha inaandika F na kuipeleka ofisini kwa internet. Nikirekebisha ofisini, inaandika E na kuileta nyumbani. Ni kama kumwelekeza mgeni mlango wa pili kushoto, wakati kwangu mlango wa pili kushoto ni choo.

Kumbe mharibifu ni mi mwenyewe, kwa mikono yangu.

Dawa yake ipo kwenye settings za programu: unaionyesha folda mama iliyobeba faili zote, kila kompyuta kwa njia yake, kisha yenyewe inakumbuka jina la faili bila ile herufi. Nikaiweka kwenye laptop. Zile zenye F zikafunguka zote! Zenye E zikabaki zimekufa, maana hizo zilihitaji kompyuta ya ofisini. Ofisi nayo imeshafungwa, na kesho ndio Ijumaa.

Asubuhi basi hakuna, mafuta ya shida mjini. Nikatembea kwa miguu kutoka Kanyosha mpaka Rohero nimekumbatia mkoba wenye laptop na disque. Nafika, umeme hakuna. Nikakaa mbele ya kioo cheusi nasoma dua zote ninazozijua.

Saa tatu kasoro umeme ukarudi. Nikaweka folda mama, nikafanya sync ili orodha isafiri, nikakimbia chuoni. Laptop ilimalizia sync kwa hotspot ya simu, mlangoni kwa profesa.

Akaonyesha footnote nne. Zote zikafunguka. Ya mwisho ilikuwa sauti ya fundi mmoja marehemu anaelezea gearbox. Profesa akaisikiliza mpaka mwisho, akasema, "C'est bon, madame," yaani iko sawa. Nilitoka nikalia kwenye ngazi.

Nikarudi ofisini mbio kumwomba Deo radhi. Hakuwepo. Nikamwambia sekretari ile kompyuta ilikuwa haina kosa, na Deo pia.

Akaniambia, "Mama Zuhura, hukujua? Tangu Jumatatu Deo hajagusa hiyo mashine. Ripoti zake anaandika kwa mkono, anaenda kuzichapisha kwenye sekretaria ya mtaani, ili usimsingizie tena."

Na wiki hiyo hiyo faili ziliendelea kuvunjika kila siku. Jibu lilikuwa mbele ya macho yangu, ila sikumtazama yule mtu hata mara moja. Mi niliyekuwa nakufa kwa hofu ya kuitwa muongo, ndo niliyemwita mwenzangu muongo mbele za watu.

Kwetu kosa kama hilo lina iciru yake, yaani faini ya kinywaji, na unakiri mbele ya wale wale waliokusikia. Jumatatu iliyofuata nikaleta kreti ya Fanta, nikasema yote, chef na planton wakiwepo. Deo akasema, "Yameisha, Mama Zuhura." Akanywa.

Ila mchana wake ulipofika, nikampisha kiti, akaniomba nivute kiti kingine nikae pembeni yake wakati anafanya kazi. Nishuhudie kuwa hagusi kitu changu.

Mpaka leo anafanya hivyo. Wakuu, faili nilijua kuzirudisha. Hili la Deo nilirekebishe vipi? Nishaurini, hata mkinisema nitavumilia.