Ameshiba, Lakini Kasema Hajala

Alfajiri, kabla moshi haujatoka kwenye mapaa, Jaukala Rokaya amekaa sakafuni, mguu mmoja kaunyoosha, anasaga. Jiwe la juu linazunguka, la chini linalalamika, na unga wa kijani-kijivu unamwagika pembeni. Ni fapari chungu, ile nafaka nyeusi ya pembe tatu inayoota huku milimani Mugu, hata pale ambapo mbuzi anafikiria mara mbili kupanda.

Anasonga ugali. Anaula kwa majani ya fapari hiyohiyo, aliyoyakausha tangu mvua za mwisho. Analamba vidole. Jirani yake Nandakali anapita mlangoni na kuni mgongoni.

"Dada, umekula wali?"

"Bado," anajibu Jaukala, huku anajifuta mdomo.

Hapo ndipo ilipo kesi yote ya kijiji cha Thalpani.

Huku wali na chakula ni neno moja. Ukiamka, ukikutana na mtu njiani, ukipigiwa simu, unaulizwa kama umekula wali. Aliyekula ugali wa fapari, hata tumbo likikaza kama ngoma, anajibu bado. Jibu hilo hawaliiti uongo. Ni adabu, na kidogo ni aibu, maana fapari ni chakula cha wasio nacho.

Sasa mwaka jana wakaja watu wa msaada kutoka mjini, makoti yamewafika magotini. Walipita nyumba kwa nyumba na swali moja: leo mmekula wali? Kijiji kizima kikajibu bado, kwa adabu zote. Hakuna aliyefunua sufuria. Wakaenda kutangaza kwamba Thalpani kuna njaa.

Basi tukapewa dawa ya njaa tusiyokuwa nayo: ghala la mchele wa msaada. Ghala linataka mahali tambarare, na katika mteremko wote huu tambarare ni moja tu, shamba la Jaukala, alilorithi kwa mama mkwe wake. Ndipo kila nyumba inapochukua mbegu mvua ya mawe ikiwaharibia mazao. Theluji ikiyeyuka, msingi utachimbwa.

"Wananinyang'anya chakula ili waweke chakula," anamwambia mgeni mwenye kalamu, aliyekuja kuandika habari za ghala. "Na niliyewaambia sijala ni mimi. Mdomo huuhuu." Anaupiga kibao, kana kwamba ni wa mtoto mtundu.

Jaukala ni mjane mwenye mabinti wawili. Shamba likipumzika anabeba mawe ya barabara kwa rupia mia saba kwa siku. Mchele wa dukani, uliokuja kwa ndege kama mheshimiwa, ni mia mbili kwa kilo. Msaada ukichelewa, naye shamba hana, sufuria ataijaza mwenyewe kwa rupia hizo.

Mwenyekiti wa kata, Dhanbir Shahi, analipenda ghala kuliko wote. Alituambia maendeleo yanahitaji kujitoa. Kujitoa kwa nani, hakusema.

Mwenyekiti huyo ana kisukari. Wali kakatazwa na daktari, na kinachomweka sawa, kwa maneno yake mwenyewe, ni ugali wa fapari chungu. Huko Katmandu unga huo unauzwa kwenye pakiti zenye picha ya mlima, unaitwa dawa. Yeye anaupata bure, kutoka shamba lilelile analotaka kulimwagia zege. Majuzi mkewe alikuja na mfuko kama kawaida. Jaukala alimpimia, maana mgonjwa ni mgonjwa, kisha akampa salamu za kupeleka.

"Shemeji, mwambie mwakani atasonga saruji."

Watu wa msaada watarudi kabla ya theluji, waulize mara ya mwisho barazani. Jaukala anapita mlango kwa mlango akiwafundisha watu wazima neno moja: nimekula. Usidhani ni kazi nyepesi. Mzee Kalpabir alimkatalia kabisa.

"Niseme nimekula fapari mbele ya wageni? Binti yangu ataolewa na nani, na punda?"

"Punda naye atauliza kama una shamba," alimjibu.

Mzee alisema atafikiria.

Kuni zimetuliwa, Nandakali anarudi kuomba moto. Jaukala anasimama mlangoni, kamzibia njia.

"Mdogo wangu, umekula wali?"

Nandakali anamtazama mgeni mwenye kalamu, anatazama chini, anacheka peke yake. "Nimekula," anasema taratibu. "Fapari." Kisha anainua uso. "Na wewe, dada?"

Chini ya nyumba, mabua mekundu ya shamba yameanza kushika jua.

"Nimekula," anasema Jaukala, kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Anageukia upande wa nyumba ya mwenyekiti, anarudia kwa sauti ya kuitia ng'ombe.

"Nimekula fapari. Nimeshiba."