Vidole vya Muuza Mihogo

Mimi ndiye niliyekuwa nikiitetea serikali. Nina saiba ndogo, kibanda cha intaneti, Kisauni, upande wa Frere Town, na watu huja kwangu kuomba vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, leseni, kila ambacho siku hizi hakipatikani ila mtandaoni. Wakilalamika, nilikuwa nikiwashukia. Kwani mnataka yale ya zamani, mpaka mtu umjue mtu? Mashine haikuulizi kabila lako wala mjomba wako ni nani. Nilikuwa na maneno, mimi. Wazee wa kahawa pale nje walishanichoka.

Kisha mama akapata uvimbe kwenye titi.

Aliuficha kwa haya, mwanamke wa kanisani yule, na ulipomnyima usingizi ndipo akaniambia. Daktari alisema wazi: ukiondolewa mapema atapona, tukikawia hana la kuahidi. Pesa za kulipa wenyewe hatukuwa nazo, lakini mama alikuwa na bima ya serikali, nimemwandikisha mwenyewe palepale saibani. Lililobaki ni kwenda kwenye dirisha la hospitali na kuweka kidole, ili mtambo umtambue kuwa ni yeye kwa alama za kitambulisho chake.

Mtambo ukamkataa.

Karani alikuwa msichana wa kutoka bara, mpole, sina ubaya naye. "Jaribu kingine, shosho." Mama ameitwa mengi maishani, lakini shosho, bibi kwa lugha ya huko bara, hakuizoea, akaitika "abee" na kuweka cha shahada. Kidude kikawaka taa nyekundu. Gumba, nyekundu. Mkono wa kushoto, nyekundu. Karani akaigeuza ile mikono kwenye mwanga, akaona nilichokuwa nakiona tangu utotoni nisikitie maanani: ncha za vidole zimelainika, hazina hata mstari. Mama ameuza mihogo ya kukaanga tangu mimi sijazaliwa. Kutwa kumenya, kushika vya moto, kukamua ndimu juu ya pilipili, na jioni kusugua karai kwa mchanga. Mihogo hiyo ndiyo iliyonisomesha kompyuta.

Foleni nzima ikawa na rai. Mzee mmoja aliyestaafu bandarini akasema hivi vidude vilinunuliwa na watu wa ofisini na vikajaribiwa kwa vidole vya ofisini. Mwanamke mmoja mwenye buibui akatoa mafuta ya nazi mkobani, akampaka mama kidole kimoja kimoja. "Inshallah kitasoma, dada yangu." Mwingine akasema aoshe kwa sabuni. Mwingine akasema ni mtandao tu, juzi ulilala kutwa nzima. "Serikali ina mkono mrefu," mzee wa bandarini akasema, "ila mkono wa huyu haiuoni." Watu wakacheka, na mama naye akacheka. Mimi nilitaka kulia.

Tukarudi tena na tena. Siku nyingine mtandao haupo, siku nyingine upo na kidole hakisomeki. Nilipiga ile simu ya msaada hata nikaujua muziki wake, na anayepokea huniambia mgonjwa afike hospitalini aweke kidole. Nikamwuliza karani kama hakuna njia nyingine. Akasema ipo, ya wasio na mikono. Anabonyeza mahali, daktari anathibitisha, basi.

"Basi tubonyezee hapo."

"Lakini mikono anayo, kaka. Nikibonyeza uongo nafutwa."

Niliipiga kaunta ngumi, askari akaja kunisogeza, na mama akawa ndiye wa kuniombea radhi. Zamani, hata mambo yakiwa mabovu, palikuwa na mtu wa kumlilia. Ungempigia magoti, ungemtafuta shangazi yake akusemee. Kidude kile utakililiaje? Na huyo aliyeamuru kiwekwe yuko wapi, nimwendee? Mimi niliyekuwa na majibu ya kila mtu nikawa nakaa saibani kuitazama skrini, sina pa kubonyeza.

Wazee wa kahawa hawakunicheka. Hilo liliniuma zaidi.

Mama alirudi kwenye karai lake, mpaka mkono wa upande wenye ugonjwa ukavimba asiweze kuinua upawa. Akalala. Dada yangu akaja kutoka Kaloleni kumwogesha na kumlisha, na mama akawa hana la kufanya ila kulaza mikono juu ya leso. Miezi ikapita hivyo. Hakumenya, hakusugua, hakugusa ndimu.

Siku tuliyomrudisha hospitalini tulimbeba. Karani alikuwa yuleyule. Mama akaweka kidole bila hata kukitazama, akili yake yote iko kwenye maumivu, na kidude kikawaka kijani. Papo hapo, mara ya kwanza. Yule msichana alifurahi kwa dhati. "Umeona, shosho? Leo imekubali."

Nikaushika mkono wa mama. Ngozi ilikuwa imerudi. Mistari ilikuwapo, myembamba, kama ya mtoto.

Daktari alimpima, kisha akaniita nje ya mlango. Akasema ugonjwa umeshasambaa, hapana tena cha kukata. Bima italipia dawa za kutuliza maumivu. Niliporudi ndani nilimkuta mama amekiinua kidole chake kwenye mwanga wa dirisha, anakitazama.

"Kwani leo kimefanya nini?" akaniuliza. "Hata sikukiosha."

Nikamwambia leo mtandao ulikuwa mzuri.