Picha ya Ubongo wa Zubeda Ina Mwenyewe

Jamani, akili yangu imekataa. Jumatatu Zubeda alinitania kwenye simu kwamba homa yake ni ya uvivu tu. Alhamisi tukamzika.

Kwa msiomjua: mtoto wa mwenye duka wa Nateete, mwenzangu kazini, rafiki yangu tangu tukisoma Chuo Kikuu cha Kyambogo.

Kazi yake ilikuwa picha za ubongo. Alifuatilia jinsi maji yanavyotembea mle ndani, ili njia za neva zionekane. Mashine yenye sumaku kali ya kupigia picha hizo hapa hatuna. Alikwenda kuitumia ng'ambo, akarudi na picha zake kuzifanyia kazi Kampala.

"Sumaku kubwa ni kama spika za harusi," alinieleza tukila rolex, chapati ya mayai, pale Kansanga. "Katikati unasikia kila neno, pembeni zinakwaruza tu."

Pembeni, karibu na masikio, picha zilipinda na kuingia giza. Alitafuta njia ya kuzinyoosha mpaka akaipata. Banange, alivyocheza! Kiatu kikakatika.

Kazini kwetu, anayebuni njia mpya huijaribu kwanza kwenye kichwa chake mwenyewe. Ndivyo Zubeda alivyogundua ana kijifuko kidogo cha maji upande wa kushoto, kisicho na madhara. Akakiita Njugu.

"Njoo umsalimie Njugu," alikuwa akiniita kila akifungua kompyuta.

Mwezi uliopita bosi wetu alisimama mkutanoni: "Njia hii nimeibuni mimi." Jina la Zubeda halikutajwa popote. Lakini pale kwenye slaidi, kushoto, nikamwona Njugu.

Nilitaka kusimama. Zubeda akanivuta gauni. "Kaa chini, nnyabo. Makala ya njia hii bado haijatoka. Nitamwambia mwenyewe, kwa heshima."

Homa ikamwahi.

Na msibani bosi akamwambia mama yake Zubeda, "Pole, Mama. Kila kitu nilimfundisha mimi." Mama akamshukuru. Akamshukuru!

Bosi, najua unasoma hapa. Sitakutukana, sikulelewa hivyo. Ila kila utakapoionyesha picha ile, nitakuwa kiti cha mbele. Nitainua mkono na kuuliza kwa upole: "Dokta, hiki ni kichwa cha nani?"

Nitauliza mbele ya wageni wako. Nitauliza mbele ya wakubwa wako. Nitauliza mpaka jina la Zubeda litangulie kwenye makala ile.

Zubeda wangu, Mola akulaze pema. Wewe lala. Yeye ndiye asipate usingizi.