Mfuko Laini wa Bastola Ulioniaibisha Muyinga

Bon, jamani, mi nitasema mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine, maana kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake: ni kweli, ni mimi, Rajabu muuza vitenge wa Gitega, niliyedondosha bastola ukweni, mbele ya wazee, nikiwa nimesimama kumwombea kijana wetu mke. Masikio bado yananiwaka nikikumbuka. Lakini kila nikikumbuka naanza na alhamdulilahi, na mkinisikiliza mtajua kwa nini.

Wakati ule vita vilikuwa vimekwisha lakini njia zilikuwa bado hazijatulia, na mi nilikuwa nazunguka na mizigo kwenye masoko ya huko milimani, leo Buraza, kesho Ryansoro, siku nyingine Gishubi, na wenzangu walikuwa wameshavamiwa, ndipo nikaomba ruhusa serikalini nikapewa bastola ndogo. Mwanzo niliitia kwenye mkoba. Mke wangu Hadija akacheka: "Sasa mwizi akichukua mkoba, si umempa na silaha?" Ikabidi nitafute mfuko wa kuivalia mwilini, chini ya shati, mtu asiione.

Nikaenda kwa Mzee Saidi, fundi wa ngozi mtaani kwetu, anayeshona viatu na ala za visu. Akanitolea miwili. Mmoja wa ngozi ya ng'ombe, mgumu, umebana umbo la bastola yenyewe, na juu una kamba ya kufunga kwa kifungo. Nikauvaa, nikakaa kitini, wee! ukanichoma ubavuni (na mnaniona, tumbo langu halipendi jirani). Wa pili wa ngozi ya mbuzi, laini kama shavu la mtoto mchanga, hauna kamba wala kifungo, unaning'inia kwenye mkanda kwa ndani ya suruali. Nikakaa nao, nikainama, nikapanda kigoda kama niko juu ya pikipiki, mpaka nikasujudu pale pale kibandani, mteja mmoja akaniambia kwa upole kwamba kibla iko upande mwingine. Sikusikia kitu kabisa, kama sijavaa!

"Huu mgumu uvae kidogo kidogo, utakuzoea," Mzee Saidi akasema.

"Mi nataka raha leo leo."

"Haya. Tumbo ni lako."

Sasa, Swaleh ni mtoto wa marehemu kaka yangu, nimemlea kama wangu. Alikuwa amempenda binti wa Muyinga, Zuwena, akawa hali wala halali, na baba yake Zuwena, Mzee Hamisi, alikuwa mtu wa maneno machache aliyeshawarudisha wachumba wengine. Msemaji wa familia ni mimi. Asubuhi ya safari nikavaa suruali, mkanda, bastola, na kanzu nyeupe juu. Hadija akanisimamisha mlangoni.

"Unaenda kuomba mke ama kupigana?"

Nikamwambia njia ya Karuzi huwezi kuijua. Akanyoosha mkono: "Basi risasi ziache hapa." Nikampa zote, ili yaishe. (Bastola bila risasi ni chuma tu, najua, msinicheke bado.)

Tukaenda, mimi, Swaleh, na Mzee Yusufu tuliyemchukua kwa ajili ya dua. Mfuko ulikuwa mtamu, jamani! Tulipopita Karuzi nilikuwa nimeshasahau kama nina kitu kiunoni, na hapo ndipo shetani alipokaa, maana kitu kama kile hakitakiwi kusahaulika.

Kwa Mzee Hamisi tulipokewa vizuri, tukakalishwa mikekani, wanaume sebuleni, wanawake chumba cha ndani, harufu ya pilau inatoka uani. Nikakaa pale chini muda mrefu, joto, jasho, na ile ngozi ya mbuzi ikalegea na kupanua mdomo bila mimi kujua. Tukaulizwa tumekuja kwa heri? Nikasimama, nikakohoa, nikaanza: "Wazee wetu, sisi tumekuja kwa amani, mikono mitupu na moyo mweupe..." na kitu kizito kikaanza kuteremka pajani.

Nikabana magoti. Kikafika gotini kikasimama. Nikaendelea kuhutubia huku nimebana, nimepinda kidogo, jasho linashuka, na maneno niliyoyapanga njia nzima yamepotea, nasema tu "amani, amani". Mjomba wa binti, mtu mpole, akaninong'oneza: "Tonton, ami yetu, kama iko na shida, choo iko kule nyuma, usione haya." Nikasema sina shida. Akaona naona haya kweli, akanishika mkono kwa heshima ili anipeleke. Nikapiga hatua moja tu.

Bastola ikatoka kwenye upindo wa suruali, ikagonga simenti, ikazunguka kama pia ya watoto, ikasimama mbele ya miguu ya Mzee Hamisi.

Wanawake wakapiga kelele. Mjomba akaniachia mkono kama ameshika moto. Mzee Yusufu wetu, ambaye siku zote analalamika magoti yanamuuma, alitoka dirishani. Lakini Mzee Hamisi hakukimbia. Alisimama, akasema polepole: "Waliomuua kaka yangu walikaa hapa hapa. Wakaomba maji, tukawapa. Silaha zilikuwa chini ya makoti."

Mi sikuwa najua habari hiyo. Walahi sikujua. Nikamtazama Swaleh, ameinamisha kichwa mpaka kwenye magoti, na nikaona nimemvunjia nyumba kabla hajaijenga.

Mama yake Zuwena ndiye aliyetuokoa. Alitoka chumba cha ndani, akavua kitenge begani, akakiweka juu ya ile bastola taratibu kama anafunika mtoto aliyelala. Akaniuliza: "Baba, iko na risasi?"

"Hapana, mama. Mke wangu alizikatalia nyumbani."

"Basi acha hotuba. Tuambie kweli."

Nikaeleza yote: masoko, wezi, ngozi ya ng'ombe, ngozi ya mbuzi, raha niliyoitaka, hadi kusujudu kule kibandani kwa fundi. Hawakuelewa mfuko gani unaachia silaha, ikabidi nipandishe kanzu mbele ya wakwe niwaonyeshe ile ngozi inavyoning'inia kama ulimi wa mbwa mwenye kiu. Mama Zuwena akashika mdomo, ikashindikana, akacheka, na wanawake wote wa ndani wakamfuata. Mzee Hamisi hakucheka.

"Umesema mke wako alikataa risasi, na we ukamsikia?"

"Nilimsikia, mzee."

Akakaa. "Mtu anayemsikia mke wake tunaweza kuzungumza naye. Kijana naye hana kosa la tumbo lako."

Akamwambia mjomba aende nami kuiweka kituo cha polisi mpaka tutakapoondoka, na tuliporudi Mzee Yusufu alikuwa ameshaingia tena, kwa mlango safari hii, na dua ikasomwa, na mazungumzo yakaenda mpaka Zuwena akaitwa akakubali.

Ile bastola niliirudisha serikalini, masoko naenda na wenzangu kwa pamoja, na nimeapa kwamba kitu cha hatari sitakichagulia raha tena. Namshukuru Mungu, namshukuru Hadija, na yule mama mkwe namwombea dua kila Ijumaa, maana angenyamaza tu, tungerudi Gitega na kilio.

Siku ya ndoa Mzee Hamisi alinipokea mlangoni mbele ya watu wote, akanikumbatia kwa nguvu, na mikono yake ikateremka mgongoni, ikazunguka kiuno chote taratibu, kushoto, kulia, mpaka mbele. Watu wakaanza kucheka. Yeye akaninong'oneza sikioni, na kwa mara ya kwanza nikasikia kicheko chake: "Karibu nyumbani, ndugu yangu."